Achieve, accomplish, attain, fulfil au complete: namna ya kuchagua kitenzi kinachofaa

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba mzigo mkubwa, nacho ni kutimiza. Mtu hutimiza lengo, hutimiza ahadi, na siku moja hutimiza miaka 18. Mwandishi anayehamia Kiingereza hugundua kwamba sentensi hizi tatu zinahitaji vitenzi vitatu tofauti, kwa kuwa lengo ni la “achieve”, ahadi ni ya “fulfil”, na umri ni wa “attain” au “reach”. Hapo ndipo wengi hukwama. Kamusi haiwasaidii sana, kwani chini ya kila kitenzi hurudia maneno yaleyale: timiza, kamilisha, fikia, fanikisha. Si kwamba maana ya vitenzi hivi haijulikani. Ni kwamba Kiingereza kimeigawa maana hiyo kwa mipaka ambayo Kiswahili hakikuichora.

Ulinganisho huu unahusu vitenzi vitano ambavyo hukutana zaidi katika maandishi rasmi: “achieve”, “accomplish”, “attain”, “fulfil” na “complete”. Ndugu zao wa mazungumzo ya kila siku, yaani “reach”, “finish”, “manage” na “succeed”, wataguswa pale wanaposaidia kuonyesha mpaka.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, ambacho kwa maoni yangu kina uzito kuliko vingine vyote vikijumlishwa, ni nomino inayofuata kitenzi. Anayejua nomino zipi huandamana na kitenzi kipi atakosea mara chache, hata kama hawezi kueleza sababu. Kigezo cha pili ni sehemu ya safari ambayo kitenzi kinaiangalia: kuna kitenzi kinachoangalia tunda lililopatikana, kingine kazi iliyofanywa, kingine kiwango kilichoguswa, kingine deni lililolipwa, na kingine vipande vilivyotimia. Kigezo cha tatu ni kiima, yaani nani au nini kinaweza kutenda: je, ni lazima awe mtu mwenye nia, au hata mti na maji vinaweza? Kigezo cha nne ni rejesta, kwa maana ya uzito wa neno katika maandishi na katika mazungumzo.

Achieve

Kitenzi hiki kinaangalia matokeo ambayo hayakuwapo, kisha yakapatikana kwa juhudi, aghalabu kwa muda mrefu na kwa kushinda vikwazo. Nomino zake za kawaida ni “goal”, “aim”, “success”, “result”, “fame”, “balance”, “peace” na “equality”. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba nyingi ni majina ya hali au ya matokeo, na ni nadra kuwa majina ya kazi. Rais John F. Kennedy alipolihutubia Bunge la Marekani tarehe 25 Mei 1961 kuhusu kumfikisha mtu mwezini, alizungumzia “achieving the goal”. Lengo la tano kati ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, nalo linaanza kwa “Achieve gender equality”. Usawa wa kijinsia haufanywi kama kazi ya siku moja ikaisha. Ni hali inayotafutwa, na ndiyo maana kitenzi hiki kinaukaa vizuri.

Kiima chake kwa kawaida ni mtu, timu au taasisi, lakini mbinu na tiba pia hukubalika, kama katika “The treatment achieved good results”. Kwa upande wa rejesta, “achieve” ni neno la katikati: halichukizi katika tasnifu na halishangazi katika mazungumzo. Sifa hiyo ndiyo inayolifanya liwe kimbilio la kila mtu, na pia ndiyo inayolifanya litumiwe kupita kiasi.

Msomaji aliyejifunza Kifaransa kabla ya Kiingereza anapaswa kuwa mwangalifu hapa. “Achieve” limetokana na “achever” la Kifaransa, ambalo asili yake ni msemo wenye maana ya kulifikisha jambo kichwani, yaani mwishoni kwake. Kifaransa cha leo bado kinalitumia kwa maana ya kumaliza, kwa hiyo mtu anaweza “achever” kitabu anachokisoma. Kiingereza kimeiacha maana hiyo, na mtu anayeandika kwamba “achieved the book” hataeleweka.

Kitenzi hiki kinamfaa anayeandika wasifu wa kazi, ripoti ya mradi au tathmini, mradi tu awe na tunda la kulionyesha.

Accomplish

Tofauti kati ya “accomplish” na “achieve” ndiyo inayoulizwa zaidi, nayo ndiyo nyembamba zaidi. Njia ninayoiona kuwa ya uhakika ni kujiuliza swali linalojibiwa na sentensi. Ikiwa sentensi inajibu swali “Umepata nini?”, “achieve” ndicho kinachohitajika. Ikiwa inajibu swali “Umefanya nini?”, “accomplish” ndicho. Kwa hiyo mtu hu-“accomplish” “a task”, “a mission” au “a feat”, na mwisho wa siku yenye shughuli nyingi husema “We accomplished a lot today”. Hasemi “accomplish success” wala “accomplish fame”, kwa sababu mafanikio na umaarufu si kazi zinazotendwa bali ni matunda yanayofuata kazi. Kadhalika, “achieve a task” inasikika kama imepinda, ingawa msomaji ataielewa.

Kuna eneo ambalo vitenzi hivi viwili vinakutana bila ugomvi. “Achieve a goal” na “accomplish a goal” zote ni sahihi, kwa kuwa lengo linaweza kutazamwa kama hali inayotafutwa au kama kazi iliyopangwa. Vilevile mtu anaweza kuuliza “What did you achieve?” au “What did you accomplish?” na akajibiwa jambo lilelile. Katika eneo hilo mwandishi asijisumbue kutafuta tofauti ambayo wenye lugha wenyewe hawaisikii.

Kiima cha “accomplish” karibu kila mara ni mtu au kundi la watu, maana kitenzi chenyewe kinadokeza nia, mpango na utekelezaji. Rejesta yake ni rasmi kidogo kuliko ile ya “achieve”. Inafaa pia kukumbuka kivumishi chake: “an accomplished pianist” si mpiga kinanda aliyemaliza jambo fulani, bali ni yule aliyebobea katika sanaa yake.

Kitenzi hiki kinamfaa anayesimulia utendaji, kama vile kiongozi wa kikosi anayeeleza kazi waliyopewa na jinsi walivyoimaliza.

Attain

Asili ya “attain” ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kugusa, na picha hiyo ya kugusa bado imo ndani yake. Kuna mstari, kiwango au kimo; kitu kinapanda hadi kikaugusa. Ndiyo maana nomino zake ni “level”, “standard”, “degree”, “height”, “speed” na “age”. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946, inataja kuwa shabaha ya shirika hilo ni “the attainment by all peoples of the highest possible level of health”. Neno “level” ndilo linaloita kitenzi hiki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao, katika kifungu chake cha kwanza, unaposema kwamba mtoto ni kila binadamu aliye chini ya umri wa miaka 18, unaweka sharti la sheria ambayo chini yake “majority is attained earlier”. Utu uzima wa kisheria hapo ni mstari unaovukwa, na hakuna anayeupigania.

Hiki ndicho kinachokitenga kitenzi hiki na “achieve” kwa namna ninayoiona kuwa nzuri sana: “attain” hakihitaji nia. Mti unaweza “attain a height of thirty metres” bila kukusudia, na mtu hufikia umri wa miaka 18 hata akilala. Mwandishi akisema kwamba mti huo “achieved” kimo hicho, ameupa mti moyo wa kujitahidi, jambo linaloruhusiwa katika ushairi lakini si katika ripoti ya misitu.

Rejesta yake ndiyo nzito kuliko zote. Katika mazungumzo ya kawaida nafasi yake huchukuliwa na “reach”, ambacho kinafanya karibu kazi yote ya kitenzi cha Kiswahili kufikia: umri, makubaliano, kilele, mahali. Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika juu ya Everest tarehe 29 Mei 1953, walichofanya huelezwa kwa “reached the summit”. Anayesema leo kwamba “attained the summit” anasikika kama anayesoma maandishi ya kale. Tena “attain” hakiandamani na kazi, kwa hiyo “attain a task” ni kosa, na si suala la mtindo.

Kitenzi hiki kinamfaa mwandishi wa sheria, wa sera, wa sayansi na wa elimu, hasa anapozungumzia viwango.

Fulfil

Neno hili ni la Kiingereza cha kale na limejengwa kwa maneno mawili yanayoonekana wazi, “full” na “fill”, yaani kujaza hadi kujaa. Tofauti na ndugu zake, kinadai kwamba kabla ya kitendo kulikuwapo nafasi tupu iliyotengenezwa na mtu au na jambo lingine: ahadi iliyotolewa, sharti lililowekwa, wajibu uliokabidhiwa, oda iliyotumwa na mteja, ndoto iliyobebwa moyoni, unabii uliotamkwa. Kitendo kinaijaza nafasi hiyo. Nomino zake basi ni “promise”, “requirement”, “condition”, “duty”, “obligation”, “order”, “dream”, “potential” na “prophecy”. Wasomaji wa Biblia wanaijua maana hii kupitia Injili ya Mathayo, ambamo maneno “ili litimie” hujirudia, nayo tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia “that it might be fulfilled”.

Kigezo cha kiima hapa ni kipana. Mtu hutimiza wajibu, lakini hata fomu ya maombi inaweza “fulfil the requirements”, na mashine inaweza “fulfil a function”. Rejesta ni rasmi kiasi, na katika mazungumzo ahadi huwa “kept” badala ya “fulfilled”, wakati masharti huwa “met”. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni “achieve the requirements”. Mwandishi amefikiria kutimiza, kisha akakichukua kitenzi kilicho karibu. Masharti hayapatikani kama tunda. Ni deni linalolipwa, na anayeomba nafasi ya masomo au ya kazi anapaswa kuonyesha kwamba ame-“fulfil” au ame-“meet” kila moja.

Umbo lake lina maana nyingine ya ndani. Mtu anayesema “I feel fulfilled” anazungumzia kuridhika kwa nafsi, na “a fulfilling job” ni kazi inayoujaza moyo hata kama haimletei mtu tuzo yoyote. Kuhusu tahajia, Uingereza huandika “fulfil” na Marekani “fulfill”, lakini pande zote mbili huandika herufi l mbili katika “fulfilled” na “fulfilling”.

Complete

Hapa maelezo yanaweza kuwa mafupi, kwa sababu kitenzi hiki kina picha moja tu: kitu chenye sehemu kadhaa, na sehemu ya mwisho imewekwa mahali pake. Mtu hu-“complete” “a course”, “a form”, “a project” au “a sentence”. Kiima ni mtu, au ni sehemu inayokosekana, kama katika “This chapter completes the book”. Rejesta ni rasmi bila kuwa nzito.

Jambo ambalo mwandishi hapaswi kulisahau ni kwamba “complete” hakisemi lolote kuhusu ubora. “She completed the exam” inaeleza kwamba alifika swali la mwisho. Haielezi kama alifaulu. Kwa hiyo anayetaka kusifu kazi yake atafute kitenzi kingine, na anayetaka kutoa taarifa tu bila kujisifu amepata anachokihitaji. Mpaka wake na “finish” uko katika chakula na katika sarufi: mtu hu-“finish” chakula chake lakini hasemi “completed” chakula, na “finish” kinafuatwa kwa urahisi na umbo lenye -ing, kama “finish writing”, ilhali “complete” kinapenda nomino.

Tukio moja, vitenzi vitano

Tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mwandishi anayeangalia umbali tu ataandika kwamba “completed the distance”, na jambo hilohilo lingeweza kusemwa juu ya mtu aliyetumia saa sita. Anayeangalia mwendo ataandika kwamba “attained an average speed” ya zaidi kidogo ya kilomita 21 kwa saa. Anayeangalia ugumu wa kitendo chenyewe atachagua “accomplished the feat”. Anayeangalia matokeo yaliyotafutwa kwa miaka mingi na wakimbiaji wengi ataandika kwamba “achieved the goal” ya kushuka chini ya saa mbili. Naye anayeangalia azma aliyokuwa nayo mkimbiaji atasema kwamba “fulfilled an ambition”. Sentensi zote tano ni za kweli. Inafaa kuongeza kwamba “set an official world record” isingekuwa ya kweli, kwani mbio zile, zilizokuwa na wasindikizaji waliopokezana, hazikutambuliwa kuwa rekodi rasmi. Uchaguzi wa kitenzi wakati mwingine ni suala la ukweli kabla ya kuwa suala la umbuji.

Mtego wa sarufi unaovihusu vyote

Mpaka hapa nimezungumzia maana, lakini katika kazi za wanafunzi ninazosahihisha kosa linalojitokeza zaidi ni la muundo. Kiswahili kinaruhusu kusema “alifanikiwa kufungua mlango”, ambapo kitenzi kimoja kinafuatwa moja kwa moja na kingine chenye ku-. Mwandishi hubeba muundo huo na kuandika “he achieved to open the door”. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi vitano vilivyolinganishwa kinachokubali kufuatwa na “to” na kitenzi kwa maana hiyo. Vyote vinataka nomino.

Ikiwa kinachosimuliwa ni kitendo na si nomino, Kiingereza kina njia tatu. Ya kwanza ni “managed to open”, inayodokeza kwamba kulikuwa na ugumu, na inafaa hata kwa mambo madogo. Ya pili ni “succeeded in opening”, ambayo ni rasmi zaidi na inadai kihusishi “in” pamoja na umbo lenye -ing. Kuandika “succeeded to open” ni kosa ambalo hata waandishi wazoefu hulifanya. Ya tatu ni “was able to open”, isiyo na hisia kali upande wowote.

Njia ya nne inayoonekana rahisi, yaani “could open”, haifai kwa tukio moja lililofanikiwa wakati uliopita. “Could” katika sentensi yakinishi huonyesha uwezo wa jumla, kama “She could swim at the age of five”. Kwa mlango uliogoma kwa saa nzima kisha ukafunguka, msemaji atatumia “was able to” au “managed to”. Katika ukanushi kizuizi hicho huondoka, na “couldn’t open” ni sahihi kabisa. Ninalitaja hili kwa msisitizo kwa sababu Kiswahili hutumia “aliweza” kwa hali zote mbili, na sikio letu halitoi onyo lolote.

Kuchagua kulingana na hali

Anayeandika wasifu wa kazi na ana takwimu au matokeo ya kuonyesha, atumie “achieve”. Ikiwa alichonacho ni orodha ya kazi alizozitekeleza, “accomplish” au “complete” ni waaminifu zaidi: cha kwanza kwa kazi iliyohitaji ustadi, cha pili kwa kazi ambayo muhimu ni kwamba imekwisha.

Anayejibu tangazo lenye masharti, au anayeandika mkataba, arudi kwa “fulfil” kila anapotaja sharti, wajibu au ahadi, na akichoka kulirudia akumbuke “meet” kwa masharti. Anayetunga sheria, sera ya afya au ripoti ya elimu yenye umri na viwango atapata utulivu katika “attain”, ilhali anayeeleza mambo hayohayo kwa wasomaji wa kawaida aandike “reach”.

Mfasiri aliyekutana na kutimiza katika matini ya Kiswahili asianze na kitenzi. Aanze na nomino. Lengo litampeleka kwa “achieve”, ahadi na wajibu kwa “fulfil”, umri kwa “reach” au “attain”, jukumu kwa “accomplish”, na idadi ya saa au ya masomo kwa “complete”. Na ikiwa kinachofuata si nomino bali ni kitenzi kingine chenye ku-, aviache vyote vitano na kuandika “managed to” au “succeeded in”.

Naye aliye katikati ya mazungumzo, asiyekuwa na nafasi ya kupima vigezo, ana “do”, “get”, “reach” na “finish”, ambavyo wenye lugha wenyewe huvitumia mara nyingi zaidi wanapozungumza, na ambavyo havimpunguzii heshima mbele ya msikilizaji.